Kimbunga Kinapokuja, Paka Abaki na Nani?

Katika makala yetu ya leo tunaelekea pwani ya kusini mwa Marekani, ukanda unaoanzia Texas, ukapita Louisiana, Mississippi na Alabama hadi kuishia Florida. Huko msimu wa vimbunga huanza tarehe 1 Juni na kumalizika tarehe 30 Novemba kila mwaka. Huko pia, hususan mjini Houston, wamo wengi wasemao Kiswahili, baadhi yao wakiwa ni wakimbizi kutoka Kongo waliowahi kuyahama makazi yao zaidi ya mara moja. Tunataka kuzungumzia maandalizi ya dharura ya kimbunga kwa wanyama waishio nasi ndani ya nyumba, yaani paka na mbwa, na vilevile mbwa wanaowasaidia walemavu.

Huenda yupo msikilizaji atakayeguna: watu wanazama, nawe unatuletea habari za paka? Swali hilo ni la haki, na jibu lake limo katika yaliyotokea mwaka 2005.

Kimbunga Katrina kilipiga Louisiana tarehe 29 Agosti mwaka huo. Kuta za kuzuia maji zilibomoka, na takriban asilimia 80 ya mji wa New Orleans ikafunikwa na mafuriko. Waokoaji wengi waliofika kwa mashua na helikopta waliruhusiwa kubeba binadamu tu. Basi walikuwapo watu, wengine wakiwa wazee walioishi peke yao, waliokataa kata kata kupanda bila mbwa au paka wao. Uchunguzi wa taasisi ya Fritz Institute, uliotolewa mwaka 2006, ulibaini kwamba asilimia 44 ya watu ambao hawakuuhama mji walibaki kwa sababu, pamoja na sababu nyinginezo, hawakutaka kuwatelekeza wanyama wao. Shirika la habari la AP nalo lilisimulia kisa cha mvulana mdogo aliyenyang'anywa mbwa wake mweupe, kwa jina Snowball, alipokuwa akipanda basi nje ya uwanja wa Superdome. Mtoto alilia mpaka akatapika. Kisa hicho kiliwagusa Wamarekani kuliko takwimu zozote.

Hapo ndipo ilipodhihirika kwamba mnyama asiye na pa kwenda humzuia binadamu kuondoka. Bunge la Marekani likapitisha sheria, na Rais George W. Bush akaitia saini tarehe 6 Oktoba 2006. Inazitaka serikali za majimbo na za mitaa, iwapo zinahitaji fedha za FEMA, shirika la serikali kuu linaloshughulikia maafa, ziwaingize wanyama wa nyumbani na wanyama wasaidizi katika mipango yao ya kuwahamisha watu. Matunda yake yalionekana Houston wakati wa kimbunga Harvey mwaka 2017, watu walipopokelewa pamoja na mbwa na paka wao katika jumba la mikutano la George R. Brown.

Hata hivyo, sheria hiyo imezushiwa mambo isiyoyasema. Kila kimbunga kinapokaribia huenea uvumi kwamba hoteli zote zinalazimika kuwapokea wanyama. Si kweli. Hoteli ina hiari yake, na ni vyema kupiga simu mapema, maana vyumba vinavyokubali wanyama hujaa upesi. Wala si kila kituo cha hifadhi kinapokea mnyama. Katika baadhi ya kaunti za Florida vipo vituo maalumu vya watu wenye wanyama, na aghalabu hutakiwa ufike na tundu la kumwekea, chakula chake na cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa. Vingine hutaka ujiandikishe kabla. Ulizia kaunti yako mwezi Mei, si siku upepo ulipokwisha kuanza kuvuma.

Nami ningeshauri uanze na hilo tundu. Kwetu paka hana tundu. Huingia na kutoka kwa hiari yake, na anayemtaka humwita kwa sauti ya ulimi. Lakini paka mwenye hofu hakamatiki. Hujipenyeza chini ya kitanda au nyuma ya friji, nawe gari limekwisha kuwashwa na watoto wamo ndani wanalia. Kwa hiyo tundu liwekwe sebuleni wiki kadhaa kabla, mlango ukiwa wazi, ndani mkiwa na kitambaa chenye harufu ya nyumbani, na mara nyingine apewe chakula humo humo mpaka alizoee. Tahadhari ya kimbunga ikitangazwa, mfungie katika chumba kimoja kisicho na maficho, ili saa ya kuondoka ajulikane alipo.

Yaliyobaki hayana uzito mkubwa: chakula na maji ya siku saba au zaidi, dawa zake kama anazo, bakuli, kamba, na mchanga wa kujisaidia paka. Vyeti vya chanjo vitiwe katika mfuko wa plastiki usioingia maji. Piga pia picha ukiwa pamoja na mnyama wako, nyote wawili katika picha moja, kwani hiyo ndiyo itakayokuwa ushahidi wako mkipotezana. Daktari wa wanyama anaweza kumtia chini ya ngozi kifaa cha utambulisho chenye ukubwa wa punje ya mchele. Kifaa hicho hakionyeshi mnyama yuko wapi, kama wengi wanavyodhani. Hutoa namba tu, na namba hiyo haina faida ikiwa simu iliyoandikishwa ni ile uliyoiacha miaka mitatu iliyopita.

Kuhusu mbwa wasaidizi, mambo ni tofauti kabisa. Mbwa anayemwongoza asiyeona hahesabiwi kuwa ni mnyama wa kufurahisha nyumba. Kwa mujibu wa sheria ya Marekani ya mwaka 1990 inayolinda haki za walemavu, huyo huingia hifadhini pamoja na mwenyewe, hata pale ambapo wanyama wengine hawaruhusiwi. Ikiwa haja yenyewe haionekani wazi, mhudumu anaruhusiwa kuuliza maswali mawili tu: je, mbwa huyu anahitajika kwa sababu ya ulemavu, na amefundishwa kazi gani? Hana ruhusa ya kudai cheti. Ila mnyama anayemliwaza tu mtu, bila kufundishwa kazi maalumu, hana haki hiyo.

Hili linatuhusu, kwani wengi wetu tumelelewa kumweka mbwa mbali, na Waislamu miongoni mwetu huchunga twahara ya mahali pa kusalia. Kitanda chako kikiwa jirani na cha mtu mwenye mbwa wa namna hii, una haki ya kumwomba mhudumu, kwa adabu, akuhamishie upande mwingine. Kumtaka mbwa atolewe nje ni sawa na kumtaka jirani yako ayaache macho yake mlangoni. Mbwa huyo asishikwe wala kulishwa akiwa kazini. Mwenyewe naye apakie mkanda wa akiba wa kumwongozea, na viatu vya mbwa, kwa kuwa baada ya kimbunga barabara hujaa vigae vya vioo.

Itakuwaje kwa asiye na budi kumwacha mnyama? Washauri wote husema asiachwe. Lakini kufungwa kamba ndiyo hali mbaya kuliko zote, maana maji yakipanda hana pa kukimbilia. Mwezi Oktoba 2024, kimbunga Milton kikikaribia Florida, askari wa barabara kuu walimkuta mbwa amefungwa kwenye uzio kando ya barabara karibu na Tampa, maji yakiwa yamekwisha kumfika kifuani. Aliokolewa, na mwaka 2025 jimbo hilo likatunga sheria inayofanya kitendo hicho kuwa kosa kubwa la jinai, lenye adhabu ya kifungo cha hadi miaka 5. Wasikilizaji wetu wa Oman, walioonja vimbunga Gonu mwaka 2007 na Shaheen mwaka 2021, wanajua kwamba hali ni hiyo hiyo kwa mbuzi aliyefungwa bondeni: mfungulie, mpeleke mlimani mapema.

Mkiondoka nyote, andikeni mlangoni kwa herufi kubwa kwamba hakuna mtu wala mnyama ndani, waokoaji wasipoteze muda. Nanyi mkirudi, msimwachie mbwa au paka siku ya kwanza. Uzio umeanguka, nyaya za umeme zimelala chini, nyoka wamehama mashimo, na harufu alizozitumia kuijua njia ya nyumbani zimesombwa na maji. Asinywe maji ya mafuriko. Na akipotea, usitegemee simu pekee. Nenda mwenyewe katika vituo vya wanyama vya jirani, ukiwa na ile picha mkononi, na urudi tena baada ya siku mbili tatu, kwani wengine huokotwa wiki kadhaa baadaye.