Maji ya Lualaba na Haki Yetu



Samaki wakipungua katika ziwa Kisale, munajua yanayofuata. Mvuvi anamshitaki jirani, mwenyeji anamshitaki mgeni, mzee fulani anaitwa mchawi. Kabla ya kushika panga, tuulize kwanza: ni nini kimeharibika? Pengine ni sisi wenyewe, na vile vyandarua vinavyokokota mpaka vitoto vya samaki. Tuseme hilo bila kuogopa. Lakini Lualaba haianzii kwetu. Inapokea maji ya Musonoi, mto unaopita Kolwezi kwenye migodi ya shaba na kobalti, ndipo inateremka Bukama na kuingia katika maziwa yetu. Mwaka 2009 watafiti wa vyuo vikuu vya Lubumbashi na Leuven walionyesha kwamba watu wa Katanga wanaokaa karibu na migodi na viwanda wana kobalti nyingi mwilini kuliko wanaokaa mbali.

Mutaniuliza: mtu mdogo ataweza nini mbele ya kiwanda? Sikilizeni habari ya Mombasa, Kenya. Katika mtaa wa Owino Uhuru kiwanda kiliyeyusha betri kuukuu za magari ili kupata risasi, yaani ile madini, si ya bunduki. Mama mmoja, Phyllis Omido, alifanya kazi pale. Mtoto wake akaugua. Kumbe ni sumu ya risasi. Hakuchoma kiwanda. Alikusanya majirani, damu za watoto zikapimwa, barua zikaandikwa, watu wakaandamana. Mwaka 2012 alikamatwa, akashitakiwa, mahakama ikamwachilia. Mwaka 2014 kiwanda kikafungwa. Mwaka 2020 mahakama iliamua wakaaji walipwe shilingi bilioni 1.3, mwaka 2023 mahakama ya rufani ikafuta hukumu hiyo, Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Ni safari ndefu, sitawadanganya.

Na sisi tuna sheria. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 53, inampa kila mtu haki ya kuishi mahali penye mazingira safi, tena inamwagiza ayatetee. Kifungu cha 54 kinasema uchafuzi unaoletwa na kazi za uchumi unadai malipo. Kile ninachokipenda zaidi ni cha 27: raia wakiandika ombi pamoja, serikali inapaswa kujibu katika miezi mitatu, na mtu asishitakiwe kwa sababu ameliandika.

Basi anzeni na daftari moja pale bandarini. Siku mukiona samaki wamekufa au maji yamegeuka rangi, andikeni tarehe, mahali, na majina ya walioona, mgeni na mwenyeji pamoja. Barua kwa administreta wa teritwari ipigwe nakala mbili. Moja mumwachie, ya pili irudi kijijini na muhuri wake wa kupokea, wenye tarehe, maana miezi mitatu inahesabiwa kuanzia pale.