Posho yetu, tujipe wenyewe

Bandugu na badada, vijana wenzetu wa Likasi, wa Kikula, wa Panda na wa Shituru,

Hapa kwetu Katanga watu hawasemi Jumamosi. Tunasema siku ya posho. Jina hilo lilitoka kwa kampuni: wazee wetu walitumika juma nzima kwa Union Minière, kisha wakapokea posho, ni kusema chakula cha juma. Nyuma yake ikaja Gécamines. Mwaka 2003 maelfu ya wafanyakazi wake waliondoka katika mpango ulioitwa wa hiari. Posho ikaisha, jina likabaki.

Sisi wenye diploma bila kazi, juma letu halina siku ya posho. Siku ya kwanza inafanana na siku ya tano. Unaamuka saa ine ya asubuhi sababu hakuna mtu anakungojea. Kitabu kinabaki ukurasa wa kumi. Barua ya kuomba kazi, utaiandika kesho. Watu wanasema ni uvivu. Sisi tunasema: kazi isiyo na mwisho wake, na isiyo na kitu kitamu kwenye mwisho huo, inamuchosha hata mwenye nguvu.

Tuangalie mambo mawili ambayo sote tunajua. Wakati wa Mobutu watu walitoka kwenye salongo kwa kuogopa. Woga ulipopungua, na fagio ikaanguka. Lakini likelemba haina polisi, haina burgumestre, na bado inaishi. Mama anayeuza makala anatoa franka zake hata siku soko ni baya. Kwa sababu gani? Anaogopa aibu mbele ya wenzake, ndiyo. Lakini zaidi, anajua siku yake ya kukula iko, na anajua tarehe.

Basi nidhamu nayo inaomba posho yake. Si kitu kikubwa. Umemaliza kurasa ulizojipangia, kunywa kikombe cha munkoyo. Umetuma barua tatu za kazi juma hili, nenda ukaangalie mechi ya Mazembe na roho safi. Masharti ni matatu tu.

Ya kwanza: kazi mbele, posho nyuma. Ukikula mbele, hiyo ni bon pour, na sote tunajua namna deni la bon pour linakula mushahara.

Ya pili: iwe ndogo, na itoke kwako mwenyewe. Kama franka hakuna, kukaa chini ya muembe saa moja bila kujilaumu, hiyo nayo ni posho.

Ya tatu: isibomoe kile unajenga. Anayeacha pombe hajipongezi kwa chupa. Anayeweka akiba hajipongezi kwa kupasua kopo.

Labda mutauliza: harakati ya wanainchi inatafuta nini kwenye munkoyo? Tunajibu hivi: anayeshika posho yako anashika na sauti yako. Kila wakati wa uchaguzi wanakuja na tisheti, na bia, na noti ya kukunja mkononi. Kijana ambaye miezi mingi hakupata kitu kizuri hata kimoja, tisheti hiyo inamupiga chini. Hatumuchekei, njaa ya kufurahishwa ni njaa kweli. Lakini yule aliyezoea kukula kitu kidogo cha jasho lake, anaiangalia tisheti na anaona tisheti tu. Mwaka 2028 hauko mbali. Zoezi hili halianzi siku ya kampeni, linaanza juma hili.

Kwa hiyo tunawaalika. Siku ya posho inayokuja, saa mbili ya asubuhi, tutazibua mitaro ya Kikula mbele mvua haijaanza. Njoo na jembe ao ndoo, na franka 500 kama unazo. Asiye nazo aje na mikono. Tukimaliza, si mbele, tutakaa pamoja tukule karanga na tunywe munkoyo iliyotoka mifukoni mwetu. Hakuna mheshimiwa atalipa. Kama kuna mmoja anataka kuja, karibu sana: alete jembe lake, na mia tano yake.