Potasiamu Kabla ya Kisu

Mgonjwa wa Osukuru, Uganda, anayekwenda kupasuliwa Hospitali Kuu ya Tororo, au anayevuka mpaka hadi Busia, Kenya, aulizwe mapema: ameharisha? Ametapika? Anameza vidonge vya kukojoza, kama Lasix?

Hayo hupunguza madini ya potasiamu mwilini. Kawaida damu huwa na milimoli 3.5 hadi 5.0 kwa lita. Ikishuka sana, moyo unaweza kupiga ovyo mgonjwa akiwa kwenye nusukaputi. Baada ya upasuaji, matumbo huweza kuzubaa: tumbo linajaa, hewa haitoki, uji unakawia kuruhusiwa.

Potasiamu ya mshipani huchanganywa kwenye dripu, muuguzi akihesabu matone. Ikisukumwa kwa sindano, moyo unaweza kusimama. Jamaa wasimharakishe muuguzi, tafadhali!

Ndizi, maharagwe na viazi vitamu vina potasiamu. Mwenye ugonjwa wa figo amwulize daktari kwanza kabla ya kuvila.