Presha ya Oili katika Injini Iliyofungwa Upya

Leo tutazungumza juu ya presha ya oili katika injini ya zamani iliyofunguliwa, ikatengenezwa, ikafungwa upya.

Kwanza tujue kazi ya oili. Kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912, mizigo ilisafiri kwa vichwa na mabega ya watu, kutoka Bagamoyo mpaka Tabora, na kutoka Tabora mpaka Ujiji. Wapagazi wa Kinyamwezi walisifiwa sana kwa kazi hiyo. Sasa, mtu anayejitwika mzigo kichwani huweka ngata kwanza, ili mzigo usimuumize. Ndani ya injini, oili ndiyo ngata. Krenki, yaani ule mhimili mzito unaozunguka, hukaa juu ya utando wa oili mwembamba kuliko unywele. Pampu ndiyo inayoisukuma oili ifike pale, na nguvu ya msukumo huo twaiita presha. Presha ikikosekana, ngata imetoka. Chuma husaga chuma, na kazi ya fedha nyingi huharibika kwa dakika chache.

Basi tuseme bwana mmoja wa Tabora ana Land Rover ya mwaka 1960. Injini imefungwa upya, naye ataka kwenda Kigoma kwa njia ya Urambo, Kaliua na Uvinza. Anawasha gari, lakini taa ya oili haizimiki. Afanye nini?

Azime injini mara moja. Asijipe moyo kwamba taa itazimika njiani, maana porini hakuna fundi. Lakini pia asikimbilie kuifungua injini. Aanze na mambo rahisi.

Jambo la kwanza ni kipimo. Asimamishe gari mahali pa sawa, achomoe kijiti, atazame kama oili imefika kwenye alama.

Jambo la pili ni taa yenyewe. Swichi ya taa yaweza kuwa mbovu. Aifungue swichi hiyo, na mahali pake afunge kwa muda geji ya presha iliyo nzima. Taa husema ndiyo au siyo tu. Geji husema kiasi gani.

Jambo la tatu ni hewa. Injini iliyofungwa upya ni kavu, na huenda pampu haijavuta oili. Atoe plagi zote, kisha aizungushe injini kwa hendeli au kwa stata mpaka geji ipande. Fundi mwangalifu huijaza pampu oili kabla ya kuifunga. Geji ikibaki kwenye 0, ashushe sampu, yaani karai la chini la injini, akague bomba la kuvutia oili. Kiungio chake kikilegea, pampu hunyonya hewa.

Geji ikipanda, chukueni daftari. Andikeni inavyosoma injini ikiwa baridi. Injini ikipata moto, andikeni tena. Oili ya moto ni nyepesi, kwa hiyo presha kushuka kidogo si ajabu. Mafundi wengi hukadiria ratili 10 kwa inchi ya mraba kwa kila mizunguko 1,000 kwa dakika, injini ikiwa na moto. Lakini kitabu cha gari kikisema vingine, fuateni kitabu.

Sasa someni mlichoandika. Ikiwa presha ni ndogo wakati wa baridi na wakati wa moto pia, tazameni vali ya kupunguza presha. Ina springi, na uchafu mdogo tu waweza kuizuia isifunge.

Ikiwa presha ni nzuri wakati wa baridi, kisha yaanguka sana wakati wa moto, huenda oili ni nyepesi mno. Badilisheni oili kwanza, mkiweka ile inayotajwa na kitabu. Msiweke nzito kupita kiasi ili geji ipendeze. Hiyo ni kuficha ugonjwa. Presha ikianguka tena, huenda nafasi ndani ya beringi ni kubwa mno.

Hapo ndipo injini ifunguliwe. Geuzeni beringi, msome nyuma yake. Herufi STD maana yake ni beringi ya krenki ambayo haijachongwa. Nambari 010 ni ya krenki iliyochongwa sehemu 10 katika 1,000 za inchi. 020 ni sehemu 20. Krenki ya 010 ikifungiwa beringi za STD, oili itakimbilia pembeni na presha haitasimama. Spana zote zilikaza vizuri. Hakuna aliyesoma nambari. Kwa hiyo, ndugu zangu, anayejua kusoma na kuandika ana chombo kimoja zaidi sandukuni mwake.

Maswali ya darasa:

1. Kwa nini oili inafananishwa na ngata?
2. Taa ya oili isipozimika, jambo la kwanza ni lipi?
3. Geji yasoma ratili 50 injini ikiwa baridi, na ratili 8 ikikimbia mizunguko 2,000 na ina moto. Utakagua nini kwanza, na kwa nini?

Andikeni majibu kwa sentensi kamili. Kwaherini.