Tazama Kitako cha Sado

Leo tuko sokoni Babati, asubuhi, Mlima Kwaraa ukiwa bado umejitanda ukungu. Akina mama wameshatandika maturubai: maharage, mbaazi, vitunguu saumu vya Mbulu. Na kila turubai lina sado yake.

Sado ni kopo la rangi la lita 4. Jina limetokana na rangi za Sadolin. Sado tano ni debe. Wengi wetu tukifika hapo tunapigania bei. Nami nilikuwa hivyo. Siku moja niliambiwa sado ya maharage elfu kumi na mbili, nikaishusha hadi elfu kumi, nikaondoka kwa madaha. Nyumbani nikayamimina kwenye sado yetu: yakaishia upana wa kidole chini ya ukingo.

Kumbe kitako cha kopo la muuzaji kilikuwa kimegongwa kutokea chini, kikatuna kwa ndani kama kisahani kilichogeuzwa. Uvimbe ule unakula kama kikombe cha chai. Kwa debe zima, vikombe vitano. Sehemu kubwa ya punguzo langu ilibaki palepale kwenye turubai.

Bei yenyewe, hasa ya mbaazi, muuzaji haipangi yeye. Agosti 2017 India, mnunuzi mkubwa, iliweka kikomo cha mbaazi inazoagiza, na huku kwetu bei ikaporomoka. Utabishana naye nini? Kipimo ndicho kilicho mkononi mwake. Wakala wa Vipimo wanahimiza mizani, na ni sawa, ila anayetaka robo sado ya maharage jioni, watoto wakilia njaa, hatazunguka soko zima kuitafuta.

Basi, ukishatoa shikamoo yako, usianze na bei. Omba kopo, pitisha kiganja ndani mpaka kitakoni. Kikiwa tambarare, sasa ulizia bei. Kisha mtazame anavyojaza: punje zikimiminwa tu huacha nafasi katikati, kwa hiyo mwombe alitikise kopo kabla ya kuweka kilima. Nyongeza ya kiganja kimoja iombwe mwisho, pesa ikiwa bado mkononi mwako.

Juzi nilipopitisha kiganja, mama mmoja alinitazama, akacheka.

"Mwanangu, hilo ni la wageni," akasema, akaingiza mkono chini ya turubai na kutoa sado nyingine.