Mkubwa Akichora Mstari Baharini



Mvuvi mmoja mzee wa Shimoni, kule Kwale, aliwahi kuniuliza: "Mwanangu, huo mpaka wa baharini mnaousema huchorwa kwa kalamu gani?" Yeye na wenzake huijua bahari kwa nyota, kwa upepo na kwa vilima vya nyuma. Mstari hajapata kuuona. Nilicheka. Juma hili, nikisoma habari za Bahari ya Uchina ya Kusini, swali lile limenirudia, na safari hii sikucheka.

Bahari hiyo ina wenyewe wengi. Uchina na Taiwan ziko kaskazini, Vietnam magharibi, Ufilipino mashariki, Malaysia na Brunei kusini. Inakadiriwa kwamba karibu theluthi moja ya biashara ya dunia ipitayo baharini hupitia humo. Kuna samaki, na chini kuna gesi na mafuta. Lakini leo nataka kusema juu ya mstari tu.

Mwaka 1947 serikali ya Uchina ya wakati ule, ya Chiang Kai-shek, ilitoa ramani yenye mstari wa vipande kumi na kimoja ulioizunguka karibu bahari yote. Wakomunisti walipochukua nchi walimfukuza Chiang lakini mstari wake wakaubakiza, wakapunguza vipande viwili. Mwaka 2009 Beijing iliipeleka ramani ya vipande tisa Umoja wa Mataifa. Ramani waliyoitoa mwaka 2023 ina vipande kumi. Wavietnam huuita mstari huo ulimi wa ng'ombe, na kweli umelamba mpaka karibu na fukwe za wenyewe.

Mstari haukubaki kwenye karatasi. Mwaka 1974 Uchina ilivinyakua visiwa vya Paracel kwa kupigana na wanamaji wa Vietnam ya Kusini. Mwaka 1988, kwenye miamba ya Spratly, wanamaji 64 wa Vietnam waliuawa. Mwaka 1995 Wafilipino walikuta vibanda vya Wachina vimesimama juu ya nguzo katika mwamba uitwao Mischief. Beijing ikasema ni mahali pa wavuvi kujikinga na dhoruba. Leo mahali hapo pana uwanja wa ndege za kivita. Kibanda cha mvuvi kimekua haraka!

Ukiuliza sababu utaambiwa historia: mabaharia wa Kichina walipita huko zamani. Sawa, walipita. Walipita hata hapa kwetu. Zheng He alifika pwani hii na merikebu zake katika karne ya kumi na tano, na mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walimpeleka twiga kwa mfalme wa Uchina. Nijuavyo mimi, kupita hakumpi mpitaji bahari ya Malindi.

Sasa tuje kwa mwamba wa Scarborough. Uko kiasi cha kilomita 220 kutoka kisiwa cha Luzon cha Ufilipino, na zaidi ya kilomita 800 kutoka Uchina. Ni mawe machache yanayochungulia maji yakijaa, lakini ndani ya mzingo wake maji yametulia, na wavuvi wa mji wa Masinloc wamezoea kuvua humo na kujificha pepo zikichafuka. Aprili 2012 meli za nchi hizo mbili zilikodoleana macho hapo. Wafilipino waliondoka, Wachina wakabaki. Tangu hapo kuna vipindi mvuvi wa Masinloc huachiwa avue kando kando, na kuna vipindi hufukuzwa kwa mizinga ya maji.

Ufilipino haikuwa na manowari za kutosha, ikaenda kwa sheria. Januari 2013 ilifungua mashtaka chini ya Mkataba wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982, ambao Uchina wenyewe uliuridhia mwaka 1996. Mwenyekiti wa waamuzi watano alikuwa Mwafrika, Thomas Mensah wa Ghana. Tarehe 12 Julai 2016 walitoa uamuzi: haki za kihistoria ndani ya mstari ule hazina msingi katika sheria, na mwamba wa Mischief umo katika ukanda wa kiuchumi wa Ufilipino. Hawakusema visiwa ni vya nani, kwa kuwa hilo halikuwa mbele yao. Uchina haikuhudhuria, na ilisema uamuzi huo ni batili.

Na huo ukanda wa kiuchumi wa maili 200, ambao ndio ngao ya pekee ya mvuvi wa Masinloc, ni wazo la nani? Ni Kenya iliyolipeleka mbele ya kamati ya Umoja wa Mataifa mwaka 1972. Wakati ule meli kubwa za matajiri zilikuwa zikikomba samaki karibu na pwani za maskini, na Uchina ilikuwa upande wa maskini hao.

Nasema haya kwa majivuno, lakini majivuno yangu yana kidonda. Mwaka 2014 Somalia iliishtaki Kenya mahakama ya The Hague juu ya mpaka wa baharini. Machi 2021, kesi ikitaka kusikizwa, tulikataa kwenda. Oktoba mwaka huo majaji walichora mstari ulioipa Somalia sehemu kubwa ya eneo lililogombaniwa, nasi tukasema hatuutambui. Tofauti zipo, tena kubwa: Kenya haijamwaga mchanga juu ya mwamba ikajenga kiwanja. Lakini maneno tuliyotumia nimeyalinganisha na yale ya Beijing ya mwaka 2016, na sikupenda nilivyoona. Na Marekani, inayowahubiria Wachina juu ya mkataba huo, yenyewe haijauridhia mpaka leo.

Nchi za Kusini-Mashariki ya Asia zilitia saini na Uchina azimio la mwenendo mwema mwaka 2002. Kanuni zenyewe zimejadiliwa miaka zaidi ya ishirini. Huko kwenye mwamba wa Second Thomas, Wafilipino waliipandisha meli kuukuu ya Vita vya Pili, Sierra Madre, mwaka 1999, na wanamaji wachache wanaishi ndani yake ikiliwa na kutu. Juni 2024, katika purukushani ya kuwapelekea chakula, mwanamaji mmoja alipoteza kidole gumba. Mwezi uliofuata Manila na Beijing ziliandikiana mapatano ya muda juu ya kuwapelekea wanamaji hao mahitaji yao.

Juma lijalo, inshallah, nitawajibu wale walioniandikia juu ya bei ya unga. Kwaherini.