NGAO ZA WARUMI: NGUVU ZAKE NA UDHAIFU WAKE



Askari wa Rumi ya kale hakuitegemea ngao yake peke yake. Aliitegemea na ya jirani yake. Tena ngao ile haikuwa chuma kitupu, kama wengi wadhanivyo. Moja iliyochimbuliwa Dura-Europos, katika nchi ya Syria, ina kimo cha karibu futi tatu na nusu, nayo imefanyizwa kwa mbao nyembamba zilizogandishwa tabaka juu ya tabaka, kisha ikavikwa ngozi. Imepindwa kama kipande cha pipa.

Amri ilipotolewa, wa mstari wa mbele walizisimamisha ngao zao zikagusana, na walio nyuma wakaziinua juu ya vichwa kama vigae vya paa. Warumi waliuita mpango huo kobe. Cassius Dio, mwandishi wa tarehe za kale, asema kwamba paa hilo liliweza kuchukua watu wakitembea juu yake.

Lakini kobe huenda mwendo wa kobe. Mwaka 53 kabla ya Kristo, jemadari Crassus alivuka mto Frati na watu kama 40,000, akakutana na Waparthi (ndio wale watajwao katika Matendo ya Mitume) karibu na mji wa Carrhae. Surena, jemadari wao, alikuwa na wapanda farasi kama 10,000 tu, wengi wao wapiga upinde. Warumi walipobana ngao zao, wapanda farasi wenye mikuki mirefu na mavazi ya chuma waliwarukia wakawatawanya. Walipoachana ili kuwakwepa hao, mishale ikawanyea. Crassus alitumaini kwamba mishale itakwisha. Haikwisha, maana Surena alikuwa ameleta ngamia walioipakia tele. Publius, mwana wa Crassus, alipelekwa kuwashambulia, na kichwa chake kikarudi kimechomekwa katika mkuki. Plutarch ahesabu Warumi 20,000 waliokufa katika vita hivyo, na 10,000 waliotekwa.

Je, ngao hazikufaa kitu? La. Mwaka 36 kabla ya Kristo, jeshi la Antonius lilikuwa likirudi nyuma mbele ya Waparthi hao hao, likiteremka kilima chini ya mishale. Askari wa mbele wakapiga magoti, wa nyuma wakawafunika kwa ngao. Waparthi walidhani watu wamechoka; wakaziweka nyuta zao, wakasogea na mikuki. Mara Warumi wakainuka kwa kelele, wakawaua wa mbele, wengine wakakimbia. Ngao zilikuwa zile zile. Safari hii adui alikubali kukaribia.

Penye kuta za miji kobe alifaa zaidi, ingawa mwaka 67 baada ya Kristo Wayahudi wa Yotapata waliwamwagia Warumi mafuta yanayochemka, yakapenya ndani ya mavazi ya chuma. Miaka miwili baadaye, huko Cremona, Warumi walipigana wao kwa wao. Kila kitu kilichotupwa kutoka juu kiliteleza juu ya ngao. Mwisho watetezi waliusukuma mtambo wenyewe wa kurushia silaha. Uliwaponda waliokuwa chini yake. Lakini katika kuanguka uling'oa na sehemu ya juu ya boma lao.